Bahari Ikipumzishwa, Nani Analipa? Kutoka Gazi Hadi Vanga

Kazi niliyopewa ilisomeka nyepesi: nizunguke fuo za kusini mwa Kwale nikaone kama wavuvi, kupitia BMU zao, yaani vikundi vyao vya kusimamia ufuo, wanaisimamia bahari kweli au wanasimamia mihuri tu. Nikavuka feri ya Likoni asubuhi, nikapanda matatu ya Lunga Lunga, na kabla ya kufika Msambweni nikashuka kwenye njia panda ya Gazi na kuchukua bodaboda.

Gazi mgeni hupelekwa kwanza kwenye mikoko, na mimi sikukwepa. Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa ovyo iwe kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Leo watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, kama tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na zimesaidia shule, na mwanakijiji yeyote atakuonyesha bomba lenyewe. Ni kazi nzuri. Lakini nilijiambia kwamba hii ndiyo sehemu rahisi. Mkoko ukiuhesabu leo, kesho utaukuta pale pale, na mnunuzi wa hewa yuko ng'ambo, hagombani na jirani yako. Samaki ana hesabu nyingine.

Hesabu yake iko kwenye daftari la banda la samaki. Chombo kikiingia, karani wa BMU hutundika ndoo kwenye mizani na kuandika jina la chombo, zana, aina ya samaki, kilo na bei. Tafi, pono, changu, pweza. Hakuna karatasi yenye thamani zaidi ufuoni, na hakuna inayodharauliwa kama hiyo. Wageni wengi hupiga picha ubao wenye sheria za ufuo, huo uliochorwa samaki na nanga, kisha wakaondoka. Ubao hausemi kitu. Ukifungua daftari unaona ni nani aliyepima kila siku na ni nani aliyeruka, na zana gani haitajwi kabisa ingawa wavu wake umeanikwa pale nje.

Nyuma ya banda nilimkuta mzee wa Kidigo akisuka lema. Baada ya shikamoo na marahaba alinigeuzia mtego ule nione pembeni. Alikuwa ameacha mwanya wima, mwembamba, vidole viwili hivi.

"Mdogo atoke," akasema. "Mwili wake ni bapa, atapita. Mkubwa atabaki."

"Na mapato, mzee, hayapungui?"

"Mwanzo yanapungua. Wengine waliziba mwanya kwa kamba usiku huo huo." Akacheka. "Lakini tafi mdogo hafiki Diani. Hotelini wanataka aliyejaa sahani."

Watafiti wa uvuvi wamelijaribu lema la aina hii pwani ya Kenya, na linafanya kazi: samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei hutoka, wenye thamani hubaki. Jibu la mzee lilinifurahisha siku nzima. Ufuo uliofuata, ambao sitautaja jina, ndio ulionitibulia furaha hiyo.

Hapo BMU ilikuwa imefanikiwa kuliondoa juya, wavu wa kukokotwa. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, na sababu zinajulikana: linakokota chini, linavunja matumbawe na kuzoa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Pamoja na hayo lilidumu fuo nyingi, kwa kuwa kijana asiye na chombo wala mtaji akivuta kamba hupata fungu lake. Na samaki wadogo wa juya walikuwa na mnunuzi wao maalumu, mama karanga, mwanamke anayekaanga na kuuza samaki.

Nilikaa na mmoja wao kando ya karai. Alikuwa akikaanga vipande vichache, mafuta yakiwa mengi kuliko samaki. Nikamweleza, kwa lugha ya semina ambayo sasa inanikera, kwamba bahari ikipumzishwa samaki watakua.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "hao wakubwa mnaowangoja, mimi nitawanunua kwa pesa gani? Wakitoka tu, tajiri ana barafu na gari. Mimi nina karai."

Nikauliza kuhusu kamati. Kanuni za BMU za 2007 ziliagiza wachuuzi wa samaki wawemo, na wanawake wasiachwe nje. Jina lake lilikuwemo. Lakini mikutano huitwa alasiri, wanaume wakishalala na kuamka, na alasiri ndiyo saa ya kukaanga. Husaini baadaye. Kwa hiyo ukikagua kwa kutumia orodha, ufuo ule unapata alama zote.

Hapo ndipo nilipobadili swali langu la safari nzima. Kuuliza kama samaki wameongezeka ni sawa, lakini kwanza uulize ni nani aliyelala njaa wakati wakisubiriwa, na kama alikuwepo uamuzi ulipopitishwa.

Kutoka njia panda ya Kanana unateremka hadi Shimoni, kisha boti hadi kisiwa cha Wasini, ambako hakuna gari hata moja. Huko bahari imefungwa kwa namna mbili, na wazee wanazitofautisha vizuri sana. Kisite ilifanywa hifadhi ya serikali miaka ya 1970, hakuna kuvua kabisa. Wengi bado wanaizungumzia kama shamba la urithi lililochukuliwa, ijapokuwa watalii wa Kisite ndio wanaokula kwenye mikahawa ya kisiwani. Tengefu, eneo la bahari lisilovuliwa, ni jambo jingine. Hilo hutengwa na wavuvi wenyewe, kama walivyotangulia kufanya wa Kuruwitu kule Kilifi katikati ya miaka ya 2000, na anayeliibia anaibia watu anaoswali nao. Matumbawe mengi yalikufa kwa joto la maji mwaka 1998, na sasa vijana na akina mama wa Wasini na Mkwiro hupanda vipande vipya chini ya maji. Nilipewa miwani ya kuzamia nikaangalia. Vipande vingine vimeshika na vimeota vidole, vingine vimefunikwa mwani, vimekufa. Walinionyesha vyote viwili bila kuficha, na hilo liliniongezea imani kuliko ripoti yoyote yenye picha za rangi.

Vanga ni mwisho wa Kenya. Ukipiga makasia kidogo uko Tanzania. BMU za Shimoni hadi Vanga zimepanga eneo la pamoja, kwa kuwa doria ya kijiji kimoja humsukuma mhalifu kwa jirani tu. Mtihani wao ni dago, kambi ya wavuvi wageni. Kaskazi ikianza, wavuvi wa Pemba huja kupiga kambi, wana ujuzi na nyavu ndefu, na kila lawama huwaangukia. Nilikaa barazani nikisikiliza malalamiko hayo mpaka mzee mmoja akauliza: nani anawapa mafuta ya injini? Wakanyamaza, kisha wakacheka wote. Mwenyeji ni tajiri wa hapo hapo, anayechukua samaki wa dago kwa bei aliyopanga, na ndiye anayewakopesha nusu ya wanakamati. BMU itamfukuza mgeni vipi ikiwa deni lake liko kwa mwenyeji wa mgeni?

Ripoti niliyopeleka ilikuwa na mapendekezo mengi, na naamini mengi hayatasomwa. Matatu niliyaweka ukurasa wa kwanza: karani wa daftari alipwe hata siku za kusi ambazo ndoo haziji, BMU ianzishe mfuko wake wa mikopo ili wanakamati watoke mikononi mwa tajiri, na mikutano ya ufuo iitwe asubuhi, kabla karai halijawekwa mekoni.