Siku yangu na kanga wa shaba

Saa kumi na nusu alfajiri. Mwezi wa saba Lubumbashi usidanganywe na jua la mchana. Saa hizi vidole vinakufa ganzi. Navaa koti, naenda nyuma ya maabara kuwaamkia kanga wangu wawili, ndege wa bandia wa kupimia joto ambalo kanga hai hupoteza kwenye baridi. Ndani ni shaba nyembamba, juu ngozi halisi na manyoya yake, tumboni waya wa kupasha moto. Kidhibiti kinawashikilia kwenye nyuzi 41, kama ndege hai. Umeme wanaokula ndio joto wanalopoteza: betri ya volti 12 ikitoa nusu ampea, hizo ni wati 6.

Papa mlinzi hawakaribii. Wiki ya kwanza aligusa mmoja gizani, akakuta ana joto lakini hapumui. Sijui alimsimulia nani. Jumapili ile mama mmoja alinishika mkono akaniombea.

Saa moja, chai na mkate, nanakili namba. Mmoja alilala kwenye tawi wazi, mwenzake chini ya majani ya mwembe. Kipimajoto kilisoma sawasawa kote kuwili, lakini wa tawi wazi kala umeme zaidi. Kipimajoto kinajua hewa tu. Upepo unaopekua manyoya, na joto linalopotelea kwenye mbingu isiyo na wingu, hakivijui.

Saa tatu niko mtaa wa Katuba kwa mzee fundi anayetugongea kanga wa tatu.
"Mwanangu, shaba ni yetu, mbona wazo la wazungu?"
Namwambia Mmarekani George Bakken alikuwa akiandika hesabu za mambo haya mwaka 1976. Anacheka. Kwa nini shaba, hahitaji kuelezwa: joto hulisambaza upesi, haliachi upande mmoja baridi. Ila kifua amekifanya kinene mno. Upepo ukibadilika kitachelewa kuitikia. Anagonga upya, akinung'unika.

Saa saba, chakula: bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo.

Saa tisa nampima mmoja kwenye sanduku lenye feni. Umeme ukakatika. Alasiri imekwenda hivyo.

Saa kumi na mbili jioni nawarudisha nje, nalaza manyoya kwa kidole, unyoya kwa unyoya, maana pakiachwa mwanya namba zote ni uongo. Kanga hai angejitunisha, akaficha mguu mmoja. Wangu hawawezi.

"Hao wako," Papa mlinzi anauliza kutoka mbali, "leo tena wanalala nje?"
"Wanalala nje, Papa."
"Na baridi hii? Si uwavalishe hata koti."