Pesa ya mbwa

Ramadhani ya 2021 iliingia Aprili, na mimi wakati huo nna mwaka mzima sina kazi. Hoteli nlokuwa nafanya ilifunga wageni walipokatika kwa sababu ya korona, tukaambiwa nendeni nyumbani mtaitwa, hatukuitwa. Nlikuwa na 10,000 nlizozificha M-Shwari sitaki kuzigusa, na hizo ndizo nlizonunulia Dogecoin, sarafu ya mtandaoni, mwanzo wa mwezi ule wa Aprili, bei senti 6 za Marekani kwa moja. Nikapata kama 1,500 hivi.

Siwezi kusema nlidanganywa. Jamaa tuliyekuwa naye jikoni kule hotelini alinieleza yote bila kuficha, kwamba hii kitu ilianzishwa Desemba 2013 na wazungu wawili, Billy Markus na Jackson Palmer, kwa mzaha tu, picha ya mbwa wa Kijapani wakaibandika kwenye sarafu, na kwamba haina mwisho, kila mwaka zinatoka bilioni 5 mpya. Nikamuuliza sasa kazi yake nini? Akanambia kazi yake kupanda. Nikaona jibu zuri hilo.

Kununua kwenyewe kulinitoa jasho. Unatafuta mtu anayeuza kwenye apu, dola zake za mtandaoni zinafungiwa pale katikati, wewe unamtumia M-Pesa, unabonyeza nimelipa, halafu unangoja yeye athibitishe ndio zifunguliwe uende ukanunue huyo mbwa wako. Nkatuma 10,000 kwa mwanamke nisiyemjua, jina lake likaja kwenye meseji, majina matatu kamili, halafu kimya. Dakika kumi na moja. Nlisimama nkaketi, nkaenda chooni na simu, nkarudi, nkawa nalisoma lile jina kama nataka kulikariri nikampeleke polisi. Zilipofunguliwa nlicheka peke yangu. Kisa hicho nlikihadithia barazani siku nyingi, watu wanacheka, na mjomba wangu alikuwa anakipenda kuliko wote, kila akija mtu mpya ananambia hebu mpe ile ya dakika kumi na moja.

Basi ikapanda kweli. Katikati ya Aprili ikafika senti 40, ikashuka, ikapanda tena, mwezi wa tano ulipoingia ndio ikawa kama imepagawa. Mungu anisamehe, nlikuwa natoka tarawehe nishawasha simu kabla sijavaa viatu. Mtaani kwetu Kibokoni habari haifichiki, kufika kumi la mwisho kila mtu anajua mimi nina mbwa. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, sasa mbwa ni najisi, je pesa zake? Mwengine akamjibu zioshe mara saba, moja na mchanga. Baraza zima likavunjika mbavu. Wapo waliosema ni kamari na wasinisogelee, na hao sikuwa na la kuwajibu, hata Benki Kuu ya Kenya ilishatoa onyo lake kuhusu hizi sarafu tangu Desemba 2015, lakini mtu aliyeona elfu kumi ikigeuka laki moja na ushei humwambii kitu.

Laki moja na ushei kwenye simu lakini. Mkononi sikuwa nimetoa hata shilingi.

Sasa huyu mjomba anauza viazi karai, karai lake liko pale pale kona tangu nkiwa mdogo, na Ramadhani ndio msimu wake, akizipanga zile bajia na viazi saa kumi jioni foleni inafika barabarani. Alikuwa ameweka 30,000 ya friza ya mtumba, auze na juisi ya ukwaju. Jumamosi tarehe 8 Mei, asubuhi, akanijia nyumbani, hajaja kwangu asubuhi tangu harusi yangu. Keshasikia kwamba usiku wa kuamkia Jumapili Elon Musk, yule tajiri wa magari ya Tesla, ataendesha Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV kule New York, na kila mtu mtandaoni anasema akimtaja mbwa tu, dola moja hiyo. Akanambia mwanangu, na mimi niwekee.

Hapa ndipo nnapotaka kupaeleza vizuri maana nimeshapapitia kichwani mara nyingi. Simu yake ni kabambe ya batani, apu hana, akaunti hana, kwa hivyo lazima ipitie kwangu. Nngeweza kwenda kumnunulia kwa watu, ningoje zile dakika kumi na moja, tulipe bei ya juu kidogo ya wauzaji. Lakini nkaona ya nini? Mimi ninazo. Bei ilikuwa imepita senti 70, dola iko 107 hivi, nkapiga hesabu ikaja 390 na kitu, nkamwambia mjomba nakupa 400 kamili. Akatuma 30,000 kwa M-Pesa, meseji ikaingia, nkaandika kwenye kijidaftari: mjomba 400, mimi 1,100. Tumemaliza.

Akanitazama. "Mbona haraka hivyo?"

Nkamwambia siku hizi mtandao umekuwa mzuri.

Sijui kwa nini nlisema vile. Sikuwa nimepanga kumuibia, wallahi, nlijiona nimemfanyia wema, nimemuepusha na madalali na nimemjazia hesabu. Lakini ukiiweka sawa, katika safari yangu yote na yule mbwa mara moja tu niliuza kwenye kilele, na niliyemuuzia ni ndugu wa mamangu.

Kipindi kilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, kilirushwa YouTube moja kwa moja. Tulikula daku, tukaswali alfajiri, kisha tukaketi kibarazani mimi na mjomba, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Simu ya pili, ya mke wangu, ndio ina bei. Mwanzo tu Musk akatoka na mamake, kule kwao ilikuwa mkesha wa siku ya akina mama, yule bibi akasema anangoja zawadi yake lakini isiwe Dogecoin. Watu wakacheka, mjomba akanishika goti, kamtaja! Kamtaja kweli. Nkatupia jicho simu ya pili, bei inashuka. Nkadhani bando linazingua. Nkaizima nkaiwasha, iko chini zaidi.

Baadaye kidogo wakaigiza taarifa ya habari, Musk yeye ndio mtaalamu wa fedha, anaulizwa Dogecoin ni nini, anajibu, anaulizwa tena, ni nini hasa? Mwisho mtangazaji akamuuliza, kwa hivyo ni hasol? Akajibu ndio, ni hasol.

Mjomba akanigeukia uso umechangamka. "Kasema hasla?"

Mwaka ule Kenya neno lilikuwa hilo, mahasla na wilbaro kila mkutano wa siasa, hasla ndio mtu anayejitafutia kwa jasho lake, kama yeye na karai lake. Nkamwambia kwa Kimarekani hapo maana yake si ile, maana yake ni kama janja ya kumlia mtu. Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, kama anamtetea yule mzungu, labda anatania tu. Bei ilishapita chini ya senti 50 kipindi hata hakijaisha. Mjomba akainuka akasema anakwenda kuchambua dengu.

Zile 30,000 zake hazikuwahi kwenda Marekani. Zilikaa M-Pesa kwangu siku mbili, halafu nkalipa kodi ya nyumba, na zilizobaki nkanunua nguo za Idi za watoto na kanzu yangu, nyeupe, ya Omani ile yenye kishada. Siku ya Idi mjomba akakishika kile kishada na vidole vyake vina alama za mafuta ya moto, akasema mashaallah, mbwa amekuvisha.

Mimi nilicheka pia. Ningefanyaje.

Tarehe 19 Mei soko zima lilianguka, Bitcoin yenyewe, sarafu kubwa kuliko zote, ikafika karibu na dola 30,000, Wachina wametoa maonyo yao, na Tesla wiki ile kabla walikuwa washasema hawapokei tena Bitcoin. Mimi hapo ndio nkaogopa, nkauza zote kwenye senti 33. Zangu zikanipa kama 38,000. Ukijumlisha na za mjomba nlipata 68,000 kwa mtaji wa 10,000, na hiyo ni faida ambayo mtu angeipigia ngoma, ila nlikuwa nanung'unika kutwa kama niliyeibiwa, kwa sababu ya ile laki na ushei nliyoiona kwenye kioo Jumamosi ile. Senti 70 sijaiona tena mpaka leo.

Za mjomba zilikuja 14,000 na kitu. Nkamtumia 15,000. Nliongeza hizo mia kadhaa na nikamwambia nimeongeza, yaani nilitaka na shukrani juu. Akajibu kwa meseji, neno moja, shukran. Friza hakununua mwaka ule, juisi ya ukwaju akawa anaipoza kwa barafu za kununua, kila siku anapita kwangu na ndoo kwenda kwa muuza barafu, na kila akipita anabisha hodi kuuliza hali ya watoto. Hajawahi kunitajia. Baraza walipoanza kumtania yeye ndiye aliyewanyamazisha. Nkienda kununua viazi akawa ananiongezea kimoja, na mimi nkaacha kwenda, nkawa namtuma mtoto.

Oktoba ikaja zamu ya sarafu nyengine, Shiba Inu, mbwa yule yule karibu, bei yake sifuri tupu mpaka uchoke kuhesabu, na ikawa inapanda kwa siku kuliko mshahara wa mwezi. Jioni moja napita na pikipiki, mjomba ananipungia mkono wenye mwiko. Nkasimama. Shikamoo mjomba. Marahaba. Akapuliza moto, akageuza viazi vyake, akauliza watoto hawajambo.

"Nasikia kuna mbwa mwengine," akasema.

Nkamwambia yupo.

Akatoa noti tano za elfu moja kwenye mfuko wa aproni, zimelowa mafuta pembeni, akanikunjia mkononi. "Lakini huyu nitafutie kwa watu," akasema. "N'tangoja hizo dakika kumi na moja."