Unga wa titani na unyevu wa pwani

Ukijenga vipande vya titani kwa leza inayoyeyusha unga tabaka juu ya tabaka hapa Malindi, adui wa kwanza ni hewa yenyewe. Unga wa aloi ya Ti-6Al-4V (titani iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu 4), wenye chembe za mikroni 45 hadi 150, hushika unyevu, hasa wakati wa masika. Unyevu huo ukifika kwenye dimbwi la metali iliyoyeyuka, huachia haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni huweza kuacha vitundu vya duara. Oksijeni hufanya kipande kiwe kigumu na rahisi kuvunjika. Kwa hiyo kausha unga kwenye oveni ya vakyumu (iliyoondolewa hewa) kabla ya kuujaza, na usiache kopo wazi.

Agoni, gesi inayokinga metali dhidi ya hewa, isiishie kwenye nozeli (mdomo unaopuliza unga). Tabaka ambalo leza imeshalipita bado lina moto. Mpaka lishuke chini ya nyuzi 400 hivi, lazima lifunikwe na gesi. Tazama rangi ya tabaka. Fedha inayong'aa ni salama. Manjano ya majani makavu, anza kushuku. Buluu, simamisha mashine. Kijivu chenye vumbi jeupe, kata utupe. Usisugue rangi kwa brashi kisha ukaendelea: oksijeni imeshaingia ndani.

Nyufa bapa kati ya tabaka ni jambo jingine. Maana yake leza ina nguvu kidogo au inakwenda mbio mno, hivyo tabaka halikushikana na la chini.

Na tafadhali, unga ukishika moto usiumwagie maji! Maji huzalisha haidrojeni, nayo hulipuka. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu kabisa, si ule wa ufukweni wenye unyevu.