Fainali ya vyuo: uwanja uchorwe siku moja kabla

Wiki ya fainali ya vyuo hapa Moshi kila mtu anauliza habari za kikosi: nani ana kadi, nani anaanza. Wacheze vyuo vya Ushirika na Mwenge, iwe wageni wametoka Usa River, uwanja hauulizwi. Halafu beki anacheza rafu pale mstari ulipopinda, na refa anatoa penalti ambayo kwa vipimo sahihi ilikuwa faulo ya nje ya kumi na nane, yaani boksi la penalti.

Anza na kona. Pigilia kigingi, pima mita 6 kwenye mstari wa goli na mita 8 kwenye mstari wa pembeni. Ncha hizo mbili zikiachana mita 10 kamili, kona iko sawa. Ni ile pembetatu ya 3-4-5 ya mafundi wa kujenga msingi, imekuzwa mara mbili ili kosa lionekane. Ukikosea digrii moja tu, ukifika mita 105 mbele umeshapotea karibu mita 1.8. Kwa hiyo malizia kwa kupima ulalo, kona kwa kona, mara mbili: uwanja wa 105 kwa 68 lazima utoe mita 125.1 pande zote. Kamba ya manila inavutika, hivyo iwe ya kunyooshea mstari tu. Vipimo vichukuliwe kwa tepu.

Kumi na nane ni mita 16.5 kutoka upande wa ndani wa kila nguzo ya goli, na 16.5 kuingia uwanjani, kwa hiyo upana wake ni mita 40.32. Mstari wenyewe ni sehemu ya boksi; pima mpaka ukingo wake wa nje. Wengi hukosea hapa, na upana wa mstari unaruhusiwa kufika sentimita 12, mahali pa kutosha kabisa kwa mguu wa beki.

Nukta ya penalti, mita 11 kutoka katikati ya goli, ndiyo inayoumizwa zaidi. Baada ya wiki ya mechi za makundi huwa ni shimo. Usimwage udongo mkavu juu. Chimbua kidogo kwa jembe, mwagia maji, jaza udongo wenye unyevu kwa matabaka, shindilia kila tabaka, acha lilale usiku mzima, kisha pima upya. Udongo ukiwa legelege, mguu wa kusimamia unateleza, mpigaji anaegemea nyuma na mpira unapaa juu ya goli. Matuta, yaani mikwaju ya penalti ya kumpata mshindi, yaamuliwe na mpigaji na kipa, si na shimo.

Mistari yote kwa pamoja inazidi mita 700, kwa hiyo chokaa iwepo ya kurudia asubuhi. Iwe iliyozimwa, kwa sababu isiyozimwa inaunguza zaidi ngozi na macho, na kipa anailalia. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi. Ya unga inapeperushwa na upepo. Nyavu zikaguliwe tundu kwa tundu.

Na muda. Mkianza saa 10 alasiri, dakika 90 na mapumziko zinaisha karibu saa 12 kasoro. Ongeza dakika 30 za nyongeza, matuta yanapigwa jua likizama, na viwanja vingi vya vyuo havina taa. Anzeni saa 9.