Nilivyojifunza kumsubiri mwanangu aseme

Mwanangu alitimiza miaka 2 akiwa na maneno manne tu: mama, baba, "aji" na "nyau". Kwa umri huo watoto wengi wana maneno kama 50 na wameshaanza kuyaunga mawili mawili. Mama mkwe alikuwa akimpakata na kunituliza: "Mume wangu atasema tu, hata baba yake alichelewa." Kliniki nako nikaambiwa watoto wa kiume ndivyo walivyo. Sikuridhika. Nikampeleka kupimwa masikio, maana asiyesikia vizuri ataigaje sauti? Masikio yalikuwa mazima. Mzazi mwenye wasiwasi namsihi aanzie hapo, asingoje.

Kasoro niliiona siku moja barazani kwetu Makorora, nimekalia mbuzi nakuna nazi. Mtoto alikuja akanyoosha kidole kwenye mtungi. Kabla hajafumbua mdomo, nilishamchotea maji. Nikajiuliza, huyu aseme ili apate nini? Kila kitu namwahi. Muda unaobaki anakaa na simu, anatazama katuni zisizomjibu.

Simu nikaificha. Nikawa namsimulia kila nifanyacho: "Mama anakuna nazi. Nazi nyeupe. Haya, sasa tunakamua tui." Hilo halikunishinda. Kilichonishinda ni kunyamaza. Akinyoosha kidole nachuchumaa, macho yetu yanatazamana, nahesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni nyingi jamani, ukiwa na mtoto anayekutazama! Wiki ya kwanza alilia, roho ikaniuma. Lakini sikumnyima hata mara moja. Hesabu ikiisha nampa, huku nakitaja kitu chenyewe. Akisema "aji" simwambii amekosea. Namrudishia neno likiwa zima, naliongezea kidogo: "Maji. Unataka maji ya baridi." Anatazama midomo yangu mpaka nimalize.

Miezi mitatu ikapita hivyo, siku nyingine nikiona kama napoteza wakati.

Jioni moja baba yake alikuwa anarudi na baiskeli, kama wanaume wengi hapa Tanga. Kengele ikalia konani. Mtoto akatupa kijiko cha uji, akakimbilia mlangoni: "Baba baike!" Maneno mawili. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia, nikachuchumaa, nikaanza kuhesabu. Sikufika hata tano.

"Baba baike mekuja."

Kigelegele alichopiga mama mkwe kilimtoa jirani nje, kanga mkononi, akiuliza kuna harusi ya nani.