Kufuata Unga Tokyo

Mtu anayeishi Tsukuba hakosi chakula. Mji huu wa vyuo na taasisi za utafiti, ulio katika mkoa wa Ibaraki takriban kilomita 60 kaskazini-mashariki ya Tokyo, umezungukwa na mashamba ya kabichi, vitunguu na viazi vitamu, na kando ya barabara za vijijini wakulima huweka vibanda visivyo na muuzaji. Mboga zimepangwa juu ya ubao, bei imeandikwa, mara nyingi yeni 100 kwa fungu, na pembeni kuna kopo la kutumbukizia sarafu. Komatsuna, mboga ya majani ninayoinunua hapo, hushika nafasi ya sukuma wiki vizuri tu, na wakati wa joto hupatikana hata mlenda. Kisichopatikana kirahisi ni unga mweupe wa mahindi, nyama ya mbuzi na mchele usioshikamana, na kwa ajili ya hivyo vitatu hufunga safari ya Tokyo Jumamosi mojamoja. Hii ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Februari, nikiwa na jirani yangu Mkenya, mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwake juma lisilo na ugali ni juma la ugonjwa.

Unga wa njano tungeweza kuupata karibu zaidi, kwa kuwa mji wa Joso, katika mkoa wetu huuhuu, una Wabrazili wengi wanaofanya kazi viwandani, na maduka yao huuza fubá, unga laini wa mahindi wanaoupikia keki na uji. Ugali wake unakubali kusongwa, lakini rangi yake inanirudisha kwenye unga wa yanga ambao wazee wetu waliula miaka ya njaa na ambao hawakuwahi kuusifu mbele yetu. Jirani yangu aliulizwa mara moja tu kama angeridhika nao. Tukaenda kituoni.

Reli ya Tsukuba Express ilifunguliwa mwaka 2005, na treni yake ya haraka hufika Akihabara kwa dakika 45. Ndani ya behewa watu hawazungumzi kwenye simu, na wanaozungumza ana kwa ana hushusha sauti, kwa hiyo sisi nasi tulinong'ona kuhusu habari ambayo kila mwenye jiko nchini Japani alikuwa amechoka nayo, yaani bei ya mchele. Agosti 2024 rafu za mchele zilikuwa tupu katika maduka mengi, na kufikia Aprili 2025 mfuko wa kilo 5, uliokuwa ukiuzwa karibu yeni 2,000 mwaka mmoja nyuma, ulikuwa umevuka yeni 4,000, hadi serikali ikafungua maghala yake ya akiba. Kwa sisi tunaopenda pilau jambo hilo lilikuwa na upande wake wa kuchekesha, kwa maana basmati ya kutoka ng'ambo, ambayo zamani niliinunua kama anasa ya sikukuu, haikuonekana tena kuwa ghali ikiwekwa karibu na mchele wa wenyeji.

Akihabara tulibadilisha treni na kuingia ile ya Yamanote, inayozunguka katikati ya jiji kwa vituo 30, tukashuka Okachimachi ili tutembee hadi Ueno kupitia soko la Ameyoko, lililobanana chini na kando ya daraja la reli. Soko hili lilianzia kwenye biashara ya magendo ya miaka ya dhiki baada ya Vita Kuu ya Pili, na mpaka leo lina tabia ambayo maduka mengine ya Japani yameiacha: wauzaji wanapiga kelele. Mmoja amesimama juu ya jukwaa akitumbukiza chokoleti kwenye mfuko, pakiti juu ya pakiti, huku sauti yake ikipanda, mpaka mfuko mzima unaondoka kwa yeni 1,000. Kwa mtu aliyekulia karibu na soko la Kirumba, Mwanza, kusikia muuzaji akiita wateja ni starehe ambayo nailipia nauli bila kinyongo.

Kwenye meza ya samaki kulikuwa na pweza waliokwisha kuchemshwa, wekundu, mikono imejikunja, kila mmoja ndani ya trei yake. Sheria inataka chakula kibichi na samaki waandikiwe walikotoka, nami huisoma karatasi hiyo kila mara: Mauritania. Pweza wengi wanaoliwa hapa hutoka Afrika Magharibi, kwa hiyo vile vipande vilivyofichwa ndani ya takoyaki, vitumbua vya Osaka vinavyogeuzwa kwa kijiti, huenda vimesafiri mbali kuliko sisi. Jirani yangu alitaka kununua mmoja. Nilimkumbusha kwamba ilikuwa bado saa tano asubuhi, tuna mizunguko ya kutosha mbele yetu, na kwamba samaki wa Ameyoko hununuliwa jioni, muuzaji anapofikiria kufunga na bei inapoanza kulegea. Huko ndiko kujua kununua katika nchi hii. Bidhaa ileile, kwenye meza ileile, ina bei ya asubuhi na bei ya usiku, na anayejua saa hula vizuri kwa mshahara wa kawaida.

Shin-Okubo, tulikoelekea kutoka Ueno, upande wa pili wa mzunguko wa Yamanote, ina sura mbili. Upande wa mashariki ni mtaa wa Wakorea, umejaa vijana wanaopanga foleni ya soseji zenye jibini, na ilitubidi tujipenyeze kama tunaovuka uwanja wa mpira. Ng'ambo ya barabara kuna uchochoro mfupi wa maduka ya halali, ya Wabangladeshi, Wapakistani na Wanepali, na pua hutangulia kufika: bizari, iliki, vitunguu vikikaangwa. Hapa sihitaji kusoma maandishi madogo. Katika duka la kawaida mimi, kwa kuwa ni Mwislamu, nilijifunza herufi ya Kijapani ya neno nguruwe kabla ya herufi za anwani yangu mwenyewe, kwani mafuta yake au jelatini yake hujificha kwenye mkate, mchuzi wa unga na hata peremende.

Unga ulikuwapo, mweupe, kwenye rafu ya chini kabisa karibu na unga wa muhogo. Jirani yangu alipiga goti, akaubonyeza mfuko kwa kidole gumba kama anayepima ukomavu wa embe, akasoma tarehe, akaufuata wa pili na wa tatu kabla ya kuridhika. Mimi nilichukua basmati, dengu, na mbuzi aliyegandishwa, aliyekatwakatwa pamoja na mifupa yake. Kwenye kaunta kaka mwenye duka alijumlisha kwenye kikokotoo, akatutazama, akautazama mzigo, akaufuta mkia wa hesabu bila kuombwa. Jirani yangu, ambaye hakuzoea kupewa kitu bila mabishano, alidai na pakiti ya pilipili juu yake, akapewa. Kisha nilipanda ghorofani, kwenye chumba cha kuswalia, kuwahi alasiri, naye akabaki chini akilinda magunia.

Njiani tuliingia konbini, mojawapo ya yale maduka madogo yasiyofungwa, ambako mtu hununua tambi, hulipa bili ya umeme na hutoa fedha za benki mahali pamoja. Tangu Oktoba 2019 chakula cha kubeba hutozwa kodi ya asilimia 8, na ukikila palepale ni asilimia 10, kwa hiyo tulikula matonge yetu ya wali yaliyofungwa kwa mwani tukiwa tumesimama nje kwenye baridi. Mfuko wa plastiki nao hulipiwa tangu Julai 2020. Sisi tulikuwa na vikapu vya ukili.

Tulirudi Tsukuba yapata saa mbili usiku, nami, ingawa mabega yaliuma, sikukubali kupita supamaketi ya karibu na nyumbani bila kuingia, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya vibandiko. Mfanyakazi hutokea na mashine mkononi, akabandika asilimia 20, baadaye 30, na mwisho nusu bei juu ya samaki, vyakula vilivyopikwa na nyama ya siku hiyo. Hakuna anayekimbilia. Watu husimama mbali kidogo, wakijifanya wanachagua maziwa ya soya, na bibi mmoja aliyekuwa akisoma kwa makini maandishi ya chupa ya siki aliirudisha mara tu mashine ilipogusa trei ya mwisho ya jodari. Ni mwiko usioandikwa kuchukua bidhaa kwanza na kumfuata mfanyakazi aibandike. Nilipata vipande viwili vya salmoni kwa nusu bei, na jirani yangu akapata pweza, naye vilevile kwa nusu bei, kutoka Mauritania, karibu na mlango wa nyumba yetu.

Hoshi-imo hazipati kibandiko kamwe. Ni viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke, vikamenywa, vikakatwa bapa na kuanikwa kwenye upepo mkavu wa majira ya baridi, na sehemu kubwa kabisa ya zile zinazoliwa nchini hutengenezwa hapa Ibaraki. Usukumani tunatengeneza matobolwa kwa njia hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba yetu hukauka hadi yakagonga jino, na za hapa hubaki laini na nyevunyevu. Kwetu huwekwa ghalani kwa ajili ya miezi ya njaa; hapa zimewekwa kwenye rafu ya zawadi, mfuko mdogo kwa mia kadhaa za yeni, na kwa kuwa haziharibiki upesi, hakuna saa ya usiku inayoweza kuzishusha. Nilichukua mfuko mmoja nikaulipia bei kamili.