Nyari kwa miguu, safari ya tatu

Kwetu Malindi ukisema unakwenda kupanda mlima, watu wanadhani umekata tiketi ya Taita au Kilimanjaro. Sisi ni watu wa ufuoni. Lakini nyuma ya Gede, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ardhi inapanda polepole kuelekea magharibi mpaka inafika kwenye magenge ya udongo mwekundu. Hapo ndipo Nyari. Si juu sana, haifiki hata mita 300 kutoka usawa wa bahari, na wachache wanaokwenda hupelekwa na gari. Mimi nilitaka kufika kwa miguu yangu. Ilinichukua safari tatu.

Aliyenitia hamu ni mjomba wangu. Alikuwa seremala, na ujanani mwake aliingia msituni pamoja na wazee waliokuwa wakitafuta mbambakofi, mti wa milango yetu na wa majahazi. Siku moja wakamfikisha Nyari. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniambia, "Ukisimama pale, mwanangu, unaiona hori ya Mida yote, kama sahani ya maji iliyowekwa juu ya majani." Kisha huongeza kwamba wengi wanaojisifu wamefika Nyari waliishia tu kwenye mirihi, ile miti ya katikati ya msitu. Wagiriama wanaliita Nyari pia lile korongo la Marafa, kwa hiyo ukitaja jina hilo mjini, lazima ueleze unaikusudia Nyari ipi.

Safari ya kwanza ilikuwa Februari, na hapo ndipo nilipokosea. Kaskazi ilikuwa bado inavuma, jua la kuchoma. Tulitoka mjini saa mbili, tukaanza kutembea saa tatu na kitu, nami nina chupa ya lita moja. Ilipofika saa tano maji yameisha na bado hatujafika hata nusu. Sikujua wakati ule kwamba msitu huu unakauka kadiri unavyoiacha bahari: upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kona ya kaskazini-magharibi ni kama 600 tu. Mwongozaji wetu, kijana wa vijiji vya mpakani mwa msitu, aliniangalia midomo ilivyonikauka akasema, "Mwalimu, leo turudi." Sikubishana. Nguvu za kubishana sikuwa nazo.

Safari ya pili nikaenda Juni, nikidhani nimejifunza. Maji nilibeba ya kutosha, lakini mvua za masika zilikuwa zimeacha madimbwi njiani na tembo walikuwa wakiyafuata. Kwa sababu ya tembo tulikuwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Tulikuwa tumekwenda karibu saa mbili askari alipoinua mkono. Mbele yetu palikuwa na nyayo kubwa kama sinia, na ndani yake maji yalikuwa bado yanachuruzika kutoka pembeni kuelekea katikati. Pembeni kuna kinyesi. Askari akaweka kiganja juu yake bila kugusa, akasikiliza kidogo, kisha akatuonyesha nyayo nyingine ndogo kando ya zile kubwa. "Wana mtoto," akasema kwa sauti ya chini. Tukageuka hapo hapo. Nilikasirika njia nzima, na ninamshukuru mpaka leo.

Baada ya hapo nikakaa nikajipanga. Nikachagua mwisho wa Agosti: mvua zimepungua, kusi bado inapoza hewa. Miezi miwili kabla, kila Jumamosi nilitembea ufuoni kutoka mjini mpaka mdomo wa mto Sabaki na kurudi, tena makusudi kwenye mchanga laini wa juu, si ule mgumu uliolowa. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko lolote. Nikabeba lita nne za maji, tende, mahamri na chumvi kidogo kwenye karatasi. Suruali nikaitia ndani ya soksi, maana kupe wa Sokoke hawabishi hodi. Na nikakubaliana na mwenye pikapu aje kutuchukua Nyari kwenyewe, ili nguvu zangu zote niziweke kwenye kwenda. Nawashauri wenzangu hili bila aibu. Kutembea kwenda na kurudi kwa siku moja ni kujitesa, na mtu aliyechoka haoni kitu.

Tulipanda matatu baada ya sala ya alfajiri. Kituo cha msitu kiko kando ya barabara kuu ya Mombasa, ukishaipita njia panda ya Gede. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumelipa, askari ameshika bunduki yake, tunaingia. Mwongozaji safari hii alikuwa mzee kidogo, mtu aliyewahi kufuga vipepeo kupitia ule mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993. Alikuwa akikusanya majani ya kuwalisha viwavi, nao wakishajifunga kuwa pupa, wakiuzwa nje ya nchi. Ndiyo maana alikuwa akisimama kwenye vichaka ambavyo mimi ningevipita.

Ni yeye aliyenifundisha kuangalia chini. Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, na ukiwa ndani kila upande unafanana, lakini udongo unakwambia ulipo. Mwanzoni ni kichanga cha kijivu na msitu wa miti mchanganyiko, mzito, wenye mitapo, mimea kama mitende mifupi, chini yake. Kisha mchanga unakuwa mweupe, na hapo ni mirihi. Ukiona udongo mwekundu, umeingia kwenye miti ya mifunda, na Nyari haiko mbali. "Hesabu rangi, mwalimu," akaniambia. "Saa itakuchosha bure."

Tukiwa bado kwenye kijivu, akanishika bega nisimame. Nilisikia kwanza: tap, tap, tap, kama mtu anagonga jani kavu kwa kidole. Halafu nikamwona. Vitabuni mnyama huyu mdogo anaitwa sengi. Mwili wake ni wa kahawia iliyoiva, miguu myembamba kama njiti, pua ndefu inayopinda huku na huku kama mkonga mdogo. Alipogeuka, kiuno chake cha nyuma kilikuwa cha manjano ya dhahabu, kana kwamba alikalia rangi. Ile sauti ni mkia wake anaoupiga chini akihisi hatari. Alichokora majani mara mbili kwa pua, akaokota kitu, kisha akaruka akatoweka. Duniani mnyama huyu anategemea msitu huu kuliko mahali pengine popote, na mimi nimezaliwa kilomita chache kutoka kwake nisimwone mpaka nina umri wa watu wazima. Iliniuma.

Mirihi ilikuwa ile ile iliyonishinda Februari. Miti imeachana, jua linapita, mchanga mweupe unameza mguu. Tofauti ni kwamba tulifika pale mapema, na mapaja yangu yalikuwa yameshazoea mchanga wa Sabaki. Kila nusu saa nilikunywa hata kama sikuhisi kiu. Sehemu hii sina mengi ya kuieleza. Nilitembea tu.

Kisha ardhi ikawa nyekundu. Kwa kweli nilipiga kelele, askari akanigeukia kwa jicho kali. Mifunda ni miti mifupi iliyosongamana, matawi yameshikana kiasi kwamba unainama kama unaingia kwenye banda la kuku. Mzee akatuacha njiani akaingia peke yake vichakani. Akarudi baada ya muda mrefu, akaniita kwa kidole. Kwenye tawi lililofikia kimo changu walikuwa wamekaa bundi wawili wa Sokoke, wamebanana, kila mmoja mdogo wa kutosha kiganjani. Mmoja alikuwa wa kijivu, mwingine mwekundu kama udongo wenyewe. Yule mwekundu alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga tena. Bundi hawa wanaishi hapa na katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wachoma mkaa wa siri hukata tawi kama lile kwa panga moja. Nalisema hili kwa sababu visiki nimeviona pia, vibichi, pembeni mwa njia.

Kutoka pale njia inapanda. Saa tano kasoro mzee akasema, "Sasa tembea nyuma yangu, usinipite." Vichaka vikaisha ghafla. Magenge ya Nyari yamemomonyoka, na ukingo unaouona mgumu huenda chini yake ni hewa. Alituweka hatua kama tatu kutoka mwisho, akapiga pale mbele kwa fimbo, bonge la udongo likaanguka. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Nikageuza uso mashariki. Msitu wote ulikuwa chini yetu. Mirihi iko na majani ya rangi hafifu, ile miti mchanganyiko ni ufito mweusi baada yake, kisha mikoko, kisha weupe wa mawimbi kwenye mwamba na bahari imelala. Upepo wa kusi ulikuwa unapanda kutoka huko ukaja kunipiga kifuani ukiwa na harufu ya majani. Nilikaa chini nikala tende. Hakuna aliyezungumza mpaka tukasikia pikapu inanguruma kwa mbali.

Jioni ile, kabla sijaoga, nikapitia kwa mjomba, miguu myekundu mpaka magotini. Nilikuwa nimetayarisha picha kwenye simu. Hakuzitaka. Akaniuliza jambo moja tu.

"Mida ilikuwa imejaa au imekupwa?"

"Imekupwa, mjomba. Sahani ilikuwa nusu matope."

Akacheka, akamwita shangazi aniletee kahawa.